Jino likigeuka bluu: kunoa cheni ya msumeno kwa grainda ya mezani

Msomaji mmoja wa Mpwapwa, anayekata kuni na nguzo na mara mojamoja kupasua mbao, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nimenunua grainda ya mezani ya kunolea cheni za msumeno, ile yenye jiwe jembamba na jiliwa la kushikia cheni. Nilidhani nimeagana na tupa. Cheni ikitoka kwenye mashine inakuwa kali kama wembe, lakini nikiingia kwenye mgunga mkavu, nusu saa haiishi imeshakuwa butu, na msumeno unapinda kwenda kulia. Meno mengine yamepata rangi ya bluu. Nina cheni tatu na zote zimekuwa hivyo. Mashine ni mbovu, au nirudi kwenye tupa?"

Marahaba, mdogo wangu. Mashine si mbovu, na tupa usiitupe. Hapo una magonjwa mawili yaliyokutana kwenye cheni moja. Kuwahi kuwa butu kumeletwa na moto. Kupinda kumeletwa na meno ya kushoto kutolingana na ya kulia. Yote mawili yametoka mkononi mwako, wala sikusuti, maana nami nilianzia hapohapo.

Mwaka wangu wa kwanza na mashine kama yako, mteja aliniachia cheni karibu mpya iliyogonga jiwe mara moja tu. Nikaifunga, nikashusha jiwe na kulikandamiza, jino baada ya jino. Cheche zinaruka hadi mlangoni, vijana wamesimama wanatazama, nami nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi yule bwana alirudi, hakusalimia. Alitandaza cheni mezani, akachukua tupa yangu mwenyewe, akaipitisha kwenye jino mbele ya macho yangu. Ikateleza kama inapita juu ya chupa. Niliinunua ile cheni.

Kilichotokea ni hiki. Jino la cheni ni kipande kidogo sana cha chuma kilichotiwa maji kiwandani, na juu yake kuna ngozi nyembamba ya kromu. Pale panapokata ni pembe ya mbele tu, pembamba, hapana nyama ya kubeba joto. Jiwe likisugua hapo kwa sekunde mbili tatu, joto halina pa kukimbilia. Tazama rangi itakuambia: chuma kikifika kama nyuzi 220 au 230 kinaanza kuwa manjano kama nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na kikikaribia nyuzi 300 kinakuwa bluu. Hapo ugumu wa kiwandani umeshashuka, na jino litakata vizuri kwa dakika chache tu, kisha linalala. Ukizidisha hapo, ncha ikawa nyekundu hata kwa kufumba na kufumbua, chuma baridi kilicho nyuma yake kinalinyonya lile joto ghafla, na uso unabaki mgumu kama kioo, unaobanjuka vipande vidogo ukigusa mti. Hilo ndilo jino ambalo tupa inateleza juu yake. Laini mno au gumu mno, kwako wewe ni hasara ileile.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha ni mkono. Jiwe halikandamizwi, linagusa. Gusa, inua. Gusa, inua. Kila mguso usifike sekunde moja, na katikati ya mguso na mguso acha jino lipumue. Sikiliza mota: ikiguna, ikapunguza mwendo, umekandamiza. Ukishanyanyua kichwa cha mashine, weka kidole nyuma ya jino ulilomaliza. Linatakiwa liwe vuguvugu. Likikufanya uondoe kidole haraka, punguza. Na usilipoze kwa maji, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka nyufa usizoziona. Nenda jino la pili, hili litapoa lenyewe.

Kama jino limeharibika sana, usitake kulimaliza kwa raundi moja. Zungusha cheni nzima ukiondoa kidogo, kisha zungusha tena. Cheni ya kawaida ya 3/8 (hiyo ni namba ya saizi ya cheni kwa inchi, nitakuonyesha kuipima hapo chini) kwa msumeno wa inchi 20 ina meno 36, kumi na nane kila upande. Raundi tatu nyepesi ni kazi ya muda wa kunywa chai moja. Sioni sababu ya haraka.

Jambo la pili ni jiwe lenyewe, na hapa wengi hawatazami. Jiwe lililofanya kazi muda mrefu bila kuchongwa linajaa vumbi la chuma na utomvu, linang'aa, linakuwa na michirizi ya kijivu. Jiwe la namna hiyo halikati tena, linasugua tu, na kusugua ndiko kunakozaa moto. Kwenye boksi la mashine yako bila shaka kulikuwa na kipande cha jiwe la pembe nne kisichoeleweka kazi yake, na huenda umekifanya cha kuegemezea mlango. Kazi yake ni kuchonga hilo jiwe la mashine. Washa mashine, gusisha kipande hicho polepole kwenye ukingo hadi rangi ya jiwe irudi moja, huku ukiupa ukingo umbo la mviringo. Mviringo huo si urembo. Ndio unaochimba tumbo la jino, na jino lisilo na tumbo la mviringo halina ndoano ya kushika mti. Mimi huligusa jiwe kidogo kabla ya kila cheni, na katikati ya kazi kama cheni ni ya kukatia mti wenye utomvu mwingi.

Angalia pia unene. Kwa cheni za 3/8 za kawaida na za .325, jiwe ni la milimita 4.7 au 4.8. Kwa cheni ndogo za 3/8 zenye meno mafupi, zile za misumeno midogo ya kukatia matawi, jiwe ni la milimita 3.2. Kama hujui cheni yako ni ipi, pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, gawanya kwa mbili. Ukipata kama milimita 9.3 ni 3/8, kama 8.25 ni .325, na kama 10.26 ni .404, ambayo huioni ila kwenye misumeno mikubwa. Onyo moja: ile ndogo ya 3/8 nayo hupima 9.3, kwa hiyo tazama na kimo cha jino, usitegemee kipimo peke yake.

Jiwe jipya usilifunge kabla ya kulisikiliza. Litundike kwenye kidole au kijiti, ligonge taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Jiwe zima linalia kama kengele ndogo. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, kama chungu kilichopasuka, na hilo ni la kutupa hata kama umelinunua leo. Mota ya mashine hizi inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Jiwe likipasuka katika mwendo huo, halikuambii linakwenda upande gani. Unapolifunga, weka zile karatasi zake pande mbili, kisha washa, simama pembeni dakika nzima ndipo uanze. Miwani vaa. Kitambaa puani vaa. Na cheni iliyojaa utomvu ioshe kwa dizeli au mafuta ya taa, uikaushe kabisa kabla ya kuileta kwenye cheche. Petroli iache kwenye tangi lake. Kiangazi, kwa upepo wetu huu wa Dodoma, usiiweke mashine nje penye nyasi kavu. Cheche moja inatosha kukugombanisha na kijiji kizima.

Nikiwa hapo, niseme na wale wasio na mashine kama yako, wanaopeleka cheni kwenye grainda ya kawaida, ile ya mawe mawili manene ya kunolea mapanga na majembe. Jiwe lile ni nene, punje zake ni kubwa, na hakuna kinachoshika cheni zaidi ya vidole. Halichimbi tumbo la jino, linalikata shingo. Nimeona cheni zikitoka huko zimelika hadi kwenye kiungo cha kuunganishia, na kiungo kilicholika ndicho kinachokatika msumeno ukiwa kwenye kasi. Kwa cheni, ni bora tupa ya kununua dukani.

Sasa kupinda. Msumeno hufuata upande wenye meno makali na marefu. Ukipinda kulia, maana yake meno ya kulia yanakula, ya kushoto yanasindikiza. Kwenye grainda kosa hili linaingia kimyakimya. Unanoa meno yote ya upande mmoja, unageuza jiliwa kwenda pembe ya upande wa pili, unaendelea bila kupima. Mashine nyingi za bei nafuu, jiliwa lake halikai katikati sawasawa. Ukiligeuza, jino linasogea mbele au nyuma ya jiwe kwa nusu milimita au zaidi. Basi upande mmoja unatoka mrefu, mwingine mfupi, nawe macho yako hayaoni.

Dawa yake ni kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu hadi sehemu ndogo za milimita. Kabla ya kuwasha chochote, tafuta jino fupi kuliko yote kwenye cheni, lipige alama ya chaki. Hilo ndilo mfalme wa siku hiyo. Funga kizuizi cha mashine, kile kinacholisimamisha jino mahali pake mbele ya jiwe, kwa jino hilo, linoe hadi likae vizuri, kisha yote ya upande wake yafuate urefu wake. Ukigeuza upande wa pili, noa jino moja tu, zima mashine, pima urefu wa bamba lake la juu kwa kalipa, linganisha na la upande wa kwanza. Rekebisha kizuizi hadi yalingane, ndipo uendelee na mengine. Mimi hujiruhusu tofauti ya milimita 0.1 au 0.2. Ikizidi hapo, msumeno utaanza kuwa na mawazo yake.

Wakati wa kushusha jiwe, angalia lisishuke hadi kugusa kiungo kilicho chini ya jino. Liishie kwenye tumbo. Skrubu ya kina ipo, iweke cheni ikiwa imefungwa na mashine imezimwa, kwa macho, polepole.

Kama umelinganisha meno yote na msumeno bado unapinda, ugonjwa hauko kwenye cheni tena. Tazama upanga, ule ubapa wa chuma ambao cheni inazungukia. Mfereji wake ukipanuka, au ukingo mmoja ukilika kuliko mwenzake, cheni inalala upande. Simamisha upanga kwa ukingo wake juu ya meza iliyonyooka: ukisimama wima, hauna shida, ukiegemea, usawazishe kwa tupa bapa. Na uwe unaugeuza juu chini kila unapobadilisha cheni, ulike sawa.

Kuna kitu hukukitaja, nami nina hakika hujakigusa, kwa sababu karibu kila aliyenunua mashine hii hakigusi. Mbele ya kila jino kuna kinundu. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino lichukue mti kiasi gani. Jino linaponolewa linakuwa fupi, na kwa kuwa mgongo wake umeinama kwenda nyuma, linakuwa pia chini. Kinundu kinabaki pale kilipokuwa. Baada ya kunoa mara tatu nne, kinundu na jino vinalingana kimo, na hapo unaweza kuwa na meno makali kama wembe wa kinyozi lakini msumeno unateleza juu ya gogo, unatoa unga badala ya maranda, nawe unaukandamiza kwa kifua. Kukandamiza kunaleta joto, joto linaua jino, na unarudi kwangu kusema cheni haina maisha.

Kwa cheni za 3/8 na .325, kinundu kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kwa .404 ni 0.80. Kuna kibati cha kupimia kinachouzwa na tupa, lakini kama hukipati, azima fila geji, yale mabamba membamba ya kupimia nafasi, kwa fundi pikipiki. Laza rula ya chuma juu ya meno mawili yanayofuatana, ingiza bamba la 0.65 kati ya rula na kinundu. Likikataa kuingia, kinundu kiko juu. Kipunguze kwa tupa bapa, misukumo miwili au mitatu, kisha uizungushe pembe yake ya mbele kama ilivyokuwa. Kwa migunga na mikwaju iliyokauka, ambayo ni miti migumu, mimi hubaki hata kwenye 0.5. Usije ukasikia utamu wa msumeno unaomeza mti ukazidi kushusha. Vinundu vilivyoshuka mno vinafanya jino ling'ate kuliko mota inavyoweza, cheni inashtuka, na upanga unaruka kuelekea usoni. Hapo hatuzungumzii tena habari ya cheni.

Umesema unapasua mbao pia. Nitachukulia kibali unacho. Cheni ya kukatia gogo kwa upana hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30, wengine 25 kutegemea aina. Soma karatasi iliyokuja na cheni. Pembe hiyo ni ya kukata nyuzi za mti kwa upana. Ukipasua kwa urefu, jino linakutana na mti kwa namna nyingine kabisa, na nyuzi 30 inatoa ubao wenye mikwaruzo kama umelambwa na tupa. Tenga cheni moja kwa kupasulia tu, geuza jiliwa hadi nyuzi 10, na uizoeshe pembe hiyo kidogokidogo kila unaponoa; huna haja ya kuila yote siku moja. Itakwenda taratibu zaidi, lakini ubao wa mninga utatoka laini hata seremala hatakuuliza umepasulia wapi. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo kazi ambayo grainda ya mezani inaishinda tupa waziwazi: kubadilisha pembe ya meno 36 yakatoka yote mapacha.

Kazi nyingine inayostahili grainda ni cheni iliyogonga. Na huku kwetu zinagonga. Miarobaini ya barabarani hapa mjini imepigiliwa misumari ya mabango ya waganga, madalali na vyuo tangu sijaoa, mti umekua ukaimeza, nje huoni kitu. Kabla ya kukata mwarobaini wa mjini, pitisha kiganja kwenye gamba ukitafuta kovu. Huko kwenu shida ni mchanga. Upepo wa kiangazi unaupaka kwenye gamba la mgunga upande mmoja kama plasta. Chukua panga, parua gamba pale unapokusudia kukata. Ni dakika moja, na inakuongezea muda wa makali kuliko jiwe lolote la kunolea.

Mengine yote ni ya tupa. Tupa haichomi. Tupa haihitaji umeme, inakaa mfukoni, na misukumo miwili au mitatu kwa kila jino kila unapojaza mafuta inatosha kuifanya cheni isifike kabisa kwenye ubutu. Kwa 3/8 ya kawaida chukua tupa ya duara ya milimita 5.2 au 5.5 kama mtengenezaji wa cheni alivyosema, kwa .325 ya 4.8, kwa ile ndogo ya 4.0. Sukuma mbele tu, usirudishe ikiwa inagusa. Baada ya kunoa kwa tupa mara tano au sita mkono wa kila mtu unakuwa umeegemea upande mmoja, hapo ndipo unairudisha mezani, mashine iyalinganishe meno.

Kujua kama jino limenoleka usitumie kidole. Lielekeze kwenye jua. Makali butu yanarudisha mwanga, unaona mstari mweupe mwembamba kwenye pembe ya mbele. Makali kamili hayarudishi kitu, pembe inapotea machoni. Ukiona mstari mweupe kwenye jino moja, rudia jino hilo. Na kabla ya kuifunga cheni kwenye msumeno, iloweke kwenye mafuta usiku mzima, maana unga wa jiwe ulioingia kwenye ribiti ni msasa. Osha kwanza kwa dizeli, kisha ndiyo mafuta.

Sasa zile cheni zako tatu. Chukua tupa ya duara, jaribu kila jino la bluu. Tupa ikishika na kutoa unga, bluu ni ya juujuu: chonga jiwe la mashine, ondoa kidogokidogo kwa miguso mepesi hadi rangi yote iishe na tupa ishike sawa kwenye cheni nzima. Tupa ikiteleza, rudi nyuma zaidi. Kwenye mgongo wa jino la cheni nyingi kuna mstari mdogo uliochorwa kiwandani. Huo ndio mwisho wa maisha yake, na kama hauonekani, hesabu milimita 4 za urefu kuwa mwisho. Ikiwa bluu inavuka hapo hata kwenye meno mawili tu, cheni hiyo usiifunge tena kwenye msumeno. Lakini usiitupe leo. Ifunge kwenye jiliwa, jifunzie hapo ule mguso wa chini ya sekunde moja hadi utakapozungusha meno yote 36 bila hata moja kubadilika rangi, ndipo uende kwenye zile nyingine.